Bwana Ufagio na Sheria Aliyoiandika

Kaka yangu alikuwa msoma mita wa maji. Mchana alizunguka mitaani na tochi na kijiti cha kufukuzia mbwa, akiinamia mashimo yenye tope na mende ili asome tarakimu. Jioni aliingia chumba cha nyuma, na huko alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na redio za taa, zile kubwa za mbao ambazo ukiziwasha lazima zipate joto kwanza ndipo ziseme. Mkewe alipofariki nilihamia kwake, nikazoea kula chakula kilichonuka risasi ya kulehemu.

"Kaka, hii meza ni ya chakula au ya gereji?"

"Mdogo wangu, kula. Risasi haijaingia kwenye sahani."

"Imeingia kwenye mapafu."

"Basi omba. Si wewe ndiye wa maombi hapa?"

Naye alikuwa mtu wa kanisani, ila wa viti vya nyuma, karibu na mlango. Alisema Mungu ana masikio mazuri, hana haja ya kusogelewa.

Alikuwa ameanzisha kundi la simu la wapenzi wa redio hizo. Watu mia tatu na ushei, wengi wa mji huuhuu, wakitumiana picha za matumbo ya redio na kubishana kuhusu waya kama watu wanaobishania mpaka wa shamba. Kaka ndiye aliyekuwa msimamizi, nao walimwita Bwana Ufagio. Penye mzoga hapakosi inzi, na penye watu wengi hapakosi matapeli. Kila asubuhi kabla ya chai aliketi ukingoni mwa kitanda akifagia walichokitupa usiku: utajiri bila jasho, dawa ya kumrudisha mpenzi, mafuta ya kuotesha nywele. Hayo mafuta alinisomea kwa sauti huku akijipapasa kipara.

"Yangekuwa ya kweli, mdogo wangu, leo ungekuwa unanisuka."

Ili kuwazuia, aliweka swali mlangoni. Kila mgeni aliulizwa: umezima redio ya taa, umechomoa na waya ukutani, je, unaweza kuingiza mkono ndani? Tapeli hujibu upesi kwamba ndiyo. Anayezijua redio hajibu hivyo.

Kisha ikatokea habari ya Babu Spika. Huyo alikuwa dereva mstaafu, mtu wa mizaha, mpenzi wa kundi zima. Siku moja wezi waliiteka namba yake wakaandika kwa jina lake kwamba mjukuu ameungua na maji ya moto. Watu walichanga. Ukweli ulipojulikana, Babu Spika hakulaumiwa na yeyote, lakini aliona haya, akajitoa, na hakurudi tena. Kaka aliumia kama aliyefiwa. Akaandika sheria mpya, akaibandika juu kabisa: mwenzetu yeyote akiomba msaada humu ndani, muulizeni lile swali. Akikosea, mtoeni, fungieni namba, msijibizane. Na mstari wa mwisho: "Hata mkiniona mimi naomba, jueni si mimi."

Aliyeipenda sana sheria hiyo ni naibu wake, fundi cherehani wa upande wa pili wa mji. Walikutana kwenye vibanda vya vyuma chakavu, lakini nyumbani kwetu hakuwahi kufika.

Kaka alikuwa na vidonda vya tumbo vya miaka mingi. Alivitafunia vidonge kama njugu na kusema vinanyamaza. Asubuhi moja havikunyamaza. Walimkuta ameanguka kando ya shimo la mita, ametapika damu, tochi bado inawaka. Nilipofika hospitali alikuwa hajitambui. Daktari, binti mdogo mwenye macho yaliyochoka, aliniita pembeni.

"Mama, tunahitaji kumpasua leo, na amepoteza damu nyingi. Kundi lake la damu ni la nadra. Benki yetu haina. Walete watu, wengi iwezekanavyo, tupime."

Nilijitoa wa kwanza. Tumbo moja, titi moja, na bado damu yangu haikufaa. Majirani wakaja, nao wakapimwa, nao hawakufaa. Ndipo nikakumbuka wale watu mia tatu. Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu. Niliifungua nikaandika kwenye kundi: "Ndugu zangu, mimi ni dada yake. Kaka yenu yuko wodini, anahitaji damu kabla ya jioni. Njooni tafadhali."

Jibu lilikuja kabla sijafuta machozi. Ni naibu.

"Karibu, dada. Umezima redio ya taa, umechomoa waya ukutani. Unaweza kuingiza mkono?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Ndugu yangu anakufa, mtu ananiuliza habari za redio. Lakini nilijibu ili tuendelee: "Ndiyo, si umechomoa waya? Njooni jamani!"

Kundi likafungika usoni pangu. Kaka yangu alikuwa ametolewa kwenye kundi lake mwenyewe.

Nilimpigia naibu kwa simu ya kaka, haikupita. Nikapiga kwa namba yangu. Akapokea.

"Baba, nakuomba kwa jina la Mungu, ni kweli, anakufa."

"Siku hizi hadi kilio mnakitengeneza," alisema, wala hakuwa na hasira. "Leo damu, kesho nauli, keshokutwa sanda. Mwacheni Bwana Ufagio. Mtu mwema yule."

Akakata, akanifungia na mimi.

Nilirudi kando ya kitanda nikamshika mkono. Nilimwomba Mungu aguse moyo wa mtu mmoja tu. Jua lilipokuwa linashuka kwenye madirisha ya wodi, kaka alivuta pumzi ndefu, kisha nyingine fupi, kisha nikasubiri nyingine.

Nilikuwa bado koridoni na viatu vyake mkononi waliposhuka kwenye gari la mizigo, watu wengi, na ovaroli zao na vumbi lao. Mchomeleaji mmoja wa kundi alikuwa amepita mtaani kwetu akaona majirani wamekusanyika, wakamwambia ni kweli, naye akawaita wenzake. Mbele yao alikuwa mwanamume mwembamba mwenye futi ya kupimia ingali shingoni. Aliviona vile viatu. Aliketi chini pale pale sakafuni.

"Dada," alisema, "nilikuwa namlinda."

Nesi alipotoka kuuliza kama hao ndio wachangiaji, hakuna aliyemwambia kwamba wamechelewa. Walipanga mstari wakakunja mikono ya mashati. Naibu alikuwa wa kwanza, na damu yake ikaoana na ile ya kaka. Niliambiwa baadaye kwamba walimpa mama aliyejifungua usiku ule. Daktari anasema hajui kama ingemwokoa kaka. Nami sijui. Mungu hakunijibu nilivyotaka, na bado namwomba, kwa sababu sina mwingine.

Baada ya mazishi, naibu alikuja nyumbani, safari hii mlango anaujua. Alisimama mbele ya redio kubwa ya kaka, ikiwa wazi vile alivyoiacha. Nilinyoosha mkono niifute vumbi ndani. Akanidaka kiganja.

"Usiguse, dada. Hata ukichomoa waya, umeme hubaki humo. Ndilo lilikuwa jibu."

Akaniuliza kama waifute ile sheria. Nilimwambia wasiifute, maana matapeli bado wapo na Babu Spika hajarudi. Lakini waongeze mstari: kila mwanachama ataje ndugu mmoja ambaye, siku akipiga simu akilia, ataaminiwa bila swali.

Majina yanaendelea kuingia. Naibu hana mke wala wazazi. Jana aliuliza kama anaweza kuandika langu.

Nikamtajia namba, tarakimu moja moja, akaifungua pale alipokuwa amenifungia.