Nafasi Mbili Baada ya Nukta

Hili nawaambia ninyi tu, na mkicheka chekeni kimoyomoyo, maana mpaka leo nikikaribia nyumba ya marehemu mmoja jirani yetu nahamia upande wa pili wa barabara na kujifanya naongea na simu. Mimi Deusi, mwenye cheti cha kompyuta kilichotundikwa ukutani ndani ya fremu (fremu yenyewe ni kubwa kuliko cheti), nusura nivunje maziko ya mtu mzima kwa sababu ya kitu ambacho hata ukikichapa hakionekani.

Duka langu la steshenari liko Kitete. Asubuhi ya maziko ya Mzee Gervas, mstaafu wa reli na jirani yetu, alikuja dada yake, Mama Agnesta, na historia ya marehemu iliyoandikwa kwa mkono, ile inayosomwa kaburini: kazaliwa wapi, kafanya kazi gani, kaugua nini, kaacha nani. Nikaichapa ikaenea ukurasa mmoja, umejaa mpaka chini kabisa, maana upande wa pili tulipanga kuweka picha ya mzee. Mama Agnesta akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, uliosema: "Pia ameacha binti, Nyamizi, wa Tura."

"Huo usiukosee, mwanangu. Tumebishana siku mbili mpaka wakubwa wakakubali usomwe."

Nilimwelewa. Nyamizi ni mtoto ambaye mzee alimpata ujanani, alipokuwa akifanya kazi stesheni ya Tura, kabla hajaoa. Kila mtu alijua, ila ukoo haukuwahi kumtaja mbele za watu, na mwenyewe alikuwa ameshawasili kwa treni na wajomba zake, anasubiri kusikia jina lake tu.

Basi ningechapisha pale pale tukaondoka. Lakini Mama Agnesta alikuwa katibu muhtasi miaka mingi, enzi za taipureta, akavaa miwani, akasema, "Baada ya nukta umeacha nafasi moja. Zinatakiwa mbili."

Nikamwambia mama, hizo zilikuwa za taipureta, kompyuta inajipanga yenyewe, siku hizi ni moja.

"Siku hizi kasema nani?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, mama."

"Na mimi nilifundishwa, tena kwa kuchapwa rula vidoleni. Sentensi ikiisha msomaji apumue. Kaka yangu hatasomwa mtu akihema."

Mwenye akili angesema sawa mama, akamaliza. Mimi nikabisha karibu nusu saa, mama mfiwa, macho yamemvimba kwa kulia, nami namfungulia maelezo kwenye simu nimwoneshe kwamba dunia nzima iko upande wangu! Mwisho akasema weka mbili au nipe karatasi zangu. Kwa hasira nikaiamuru kompyuta iongeze nafasi kila penye nukta, yote kwa mpigo, nikachapisha bila kutazama. Printa ikatoa karatasi mbili. Sasa printa yangu ina tabia ya kutema karatasi tupu mwishoni, kwa hiyo ile ya pili sikuigeuza, nikaitupia kwenye rundo la karatasi chakavu, nikatoa kopi themanini, tukapanda bodaboda kila mtu yake, tumenuniana.

Kaburi lilikuwa shambani kwao, nje kidogo ya mji. Watu walikuwa wengi. Mzee wa kanisa akasoma polepole (akipumua kila nukta, nikamwona Mama Agnesta ananitazama kwa ushindi), akafika kwenye watoto: Gaspari, Koleta, Venansi. Akakunja karatasi.

Mwanamume mmoja akasimama upande wa wageni. Alikuwa mjomba wa Nyamizi. "Samahani, mzee wangu. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hebu rudia watoto."

Akarudia. Gaspari, Koleta, Venansi. Nyamizi alikuwa ameketi kwenye mkeka, akainamisha kichwa taratibu mpaka sikuuona uso wake tena. Mjomba akasema, "Tulitumiwa ujumbe tuje tuzike. Hatukuambiwa tunakuja kufutwa." Akawageukia watu wake, akawaambia neno kwa Kinyamwezi, wote wakainuka. Wawili wakaenda kusimama kwenye mdomo wa kaburi. "Mpaka tuelezwe, hapa hakiteremshwi kitu." Vijana walioshika kamba wakabaki wameduwaa, na upande wa ndugu wa marehemu nao wakaanza kuinuka mmoja mmoja.

Nikatazama karatasi yangu. Ukurasa umejaa mpaka chini, mstari wa mwisho haupo. Ndipo nikaelewa: zile nafasi nilizoongeza zimesukuma maneno, mstari ule mmoja ukaangukia karatasi ya pili, na karatasi ya pili iko dukani, kifudifudi kwenye rundo. Niliogopa kweli, jamani, lakini nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Ni mimi. Ni nafasi."

"Nafasi gani?" akauliza mjomba.

"Za baada ya nukta. Mama alitaka mbili, mimi nikataka moja..."

"Huyu kalewa?" sauti ikatoka nyuma.

Mjomba akanisogelea. "Kijana, mtoto wa mtu anaondolewaje na nukta?"

Nikaanza kumweleza, naonesha kwa vidole hewani, na Mama Agnesta, badala ya kuniokoa, akasema, "Lakini ni kweli, zinatakiwa mbili." Na mimi, Mungu anisamehe, pale pale mbele ya jeneza, nikajibu, "Moja, mama."

"Nyamazeni wote wawili!"

Alikuwa mjane. Alisimama kwa shida, kashikwa mikono na Koleta. "Deusi, jina lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, mama. Nimeliangusha mimi."

"Lilikuwa wapi?"

"Mwisho kabisa."

Akamgeukia Mama Agnesta. "Wifi, Nyamizi kamzidi Gaspari miaka mingapi?"

Mama Agnesta akavua miwani. "Saba."

"Mkubwa wa wote, tukamwandika chini ya kitinda mimba. Tungemwandika mahali pake, huko juu, karatasi ingemwangushaje?"

Mjane akaenda mpaka kwenye mkeka, akamwinua Nyamizi, akamsogeza mbele ya kaburi, akawaambia watu kwa sauti ya kukauka, "Huyu ndiye wa kwanza wa mume wangu. Ataanza yeye kutupa udongo." Mjomba akavua kofia, wale wawili wakapisha, kamba zikaanza kulegezwa.

Nilirudi mjini kwa miguu, sikutaka hata dereva wa bodaboda anione. Tangu siku ile nimeapa kutobishana na mtu kuhusu nafasi, akitaka mbili nampa mbili, akitaka tano nampa tano, na hakuna karatasi inayotoka kwenye printa yangu nisiigeuze. Ila mtu akiniletea historia ya marehemu, kabla sijagusa kibodi namuuliza kwanza: mtoto mkubwa ni nani?