Ritani ya Mzee Sifuri

Kazini wanamwita Mzee Sifuri, na kabla hujacheka, ngoja kwanza. Ni mtunza stoo wa shule, mshahara anao, makato anayo, lakini mwaka wa kwanza kujaza ritani ya kodi mwenyewe alijaza ile ya watu wasio na kipato hata senti. Sifuri juu mpaka chini. Ofisi ya kodi wakamwita kurekebisha, karani akashika kipaza sauti: "Yule mzee wa sifuri, dirisha namba nne!" Kwenye foleni walikuwepo walimu watatu wa shule yake. Jumatatu hata mpishi alikuwa anajua. Kwisha habari yake.

Ndipo binti yake, mtoto wake wa pekee, akashika usukani. Yuko nje ya nchi, muuguzi, na simu zake ni za kukimbizana: "Shikamoo baba, umekula? Haya, naingia zamu." Lakini siku ya ritani ilikuwa saa nzima. Anamwelekeza kisanduku kimoja kimoja, katikati wanapotea: nani kahama, nani kaoa tena, goti linasemaje.

Sasa siri. Mzee alishajua kujaza tangu mwaka wa tatu. Anawajazia mpaka wale walimu waliomcheka! Kwa binti yake tu ndiyo hajui kitu.

Mwaka huu mfumo ukabadilika. Fomu inakuja imeshajazwa, mshahara na kodi iliyokatwa vyote vimo, wewe unakagua tu na kuwasilisha. Ijumaa, akiwa stoo, akalinganisha na karatasi ya mshahara wa mwaka mzima, namba zikakubaliana, kidole kikaenda chenyewe. Dakika nne. Akabaki anaitazama simu kama mtu aliyeachwa na basi.

Jumamosi, binti hana zamu. Mzee akavuta kiti dirishani, akavaa miwani, akapiga hivyo hivyo.

"Mwanangu, huu mfumo mpya umenishinda."

"Pole baba. Umeona sehemu ya mwajiri?"

"Sehemu gani? Mimi naona giza tu."

Binti akacheka kidogo.

"Baba. Akaunti niliifungua mimi, kwa barua pepe yangu. Risiti yako imenifikia jana."

Mzee akavua miwani, akaivaa tena.

"Basi pumzika, mama. Nisikumalizie siku."

"Usikate." Kiti kikaburutwa upande wa pili. "Soma kisanduku cha kwanza."

"Si nimeshawasilisha?"

"Soma bwana, mbona mbishi!"

Akasoma. Jina. Namba ya mlipakodi. Kwenye mwajiri wakapotea dakika ishirini, maana mwalimu mkuu amenyoa ndevu na hapendezi kabisa. Walipofika kwa wategemezi, mzee akasema, "Mmoja."

"Mmoja nani? Nina miaka thelathini na mbili!"

"Wewe andika."

"Haya. Mmoja."

Hakuna aliyekuwa anaandika chochote.

Sasa nyie mnaojifanya hamjui kitu ili mtu fulani tu akae kwenye simu, mnajijua. Mwageni hapo chini: ni nani, mnajifanya hamjui nini, na mmeshadakwa au bado?