Aliyetuita Msibani

Nimechoka, na sifichi. Umoja wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu ya wasichana unaandaa sherehe, nami nimepewa kazi ya kuandika historia yake, kurasa mbili tu. Mara tatu nimeipeleka kwa kamati, na mara tatu imerudi imekatwa palepale: aya inayoeleza ni nani aliyetuita mara ya kwanza.

Aliyetuita ni mwenzetu mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa Sakina. Bwenini tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Kidato cha tatu alipata ujauzito, akafukuzwa. Aliondoka na sanduku lake la bati asubuhi tukiwa paredi, na hakuna aliyethubutu kumuaga. Mimi pia sikuthubutu.

Miaka ikapita. Mama wa mwenzetu mwingine alipofariki huko juu Meru, ni huyo fundi aliyezunguka mitaa ya mjini, Kaloleni hadi Themi, akitutafuta mmoja mmoja. Tulipofika msibani tulimkuta keshajifunga kanga kiunoni, anamenya ndizi. Akatugawia visu, mwalimu, nesi na meneja wa benki, wote tukakaa chini. Tukiwa na utomvu mikononi tukakubaliana tusipotezane tena. Umoja ulianza hapo, kwenye maganda ya ndizi. Sasa wanataka niandike kwamba ulianzia kwenye kikao cha hotelini!

"Dada, yule hakuhitimu," mwenyekiti aliniambia kwenye simu. "Katiba iko wazi. Mwanachama ni aliyehitimu."

Nikawaka. Nikamuuliza ni nani huyo mwenye akili fupi aliyeandika katiba ya namna hiyo. Akanitumia picha ya ukurasa wa kwanza wa rasimu ya katiba hiyo, na mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa katibu, tulikuwa na haraka ya kujisajili, nikanakili katiba ya umoja wa shule nyingine neno kwa neno, nikabadilisha jina la shule tu. Tukaipitisha kwa makofi kwenye kikao hichohicho cha hotelini, chai ikiwa inapoa. Siku ile fundi hakuwepo, alikuwa na nguo za harusi za kumalizia.

Hasira zikakosa pa kwenda. Jioni nikaenda Sakina kujaribu gauni la sherehe, maana sare zetu wote anashona yeye. Kwenye kushonewa, cheti hatumuulizi.

Alichuchumaa akibana pindo langu kwa pini, mgongo umeanza kumsumbua, nikaona anavyoshika meza ili ainuke. Juu ya cherehani kulikuwa na kipande cha kitenge kilekile cha sare, kimeshakatwa, si kwa vipimo vyangu.

"Jirani," akasema. Ananiita hivyo tangu bwenini. "Cha kwangu nimeshakata. Nishone?"

Mimi, niliyeshinda nikiifokea kamati, nikamjibu, "Ngoja kwanza niwaulize."