Fotokopi na Maharagwe Yaliyolowa

Jina la Fotokopi Chadrack alilipata katika ukumbi wa kanisa moja la Katuba, mtaa wa Lubumbashi, mbele ya wanafunzi wenzake, na aliyempa alikuwa Séphora, msichana aliyeketi nyuma yake. Siku hiyo Prof Liévin, mwenye kituo cha kuwaandaa vijana kwa mitihani ya kuingia vyuoni, alikuwa amewapa kifungu kifupi cha Kifaransa kuhusu mzee mmoja. Kifungu kilisema kwamba mzee huyo alikataa kuuza nyumba yake, kwamba watoto wake walimsihi, na kwamba kila jioni aliketi sakafuni kando ya kiti cha marehemu mkewe, wala hakumruhusu yeyote kukisogeza. Swali la kwanza liliuliza: kwa nini mzee alikataa kuuza nyumba yake? Chadrack aliandika: "Mzee alikataa kuuza nyumba yake."

"Weye uko fotokopi," Séphora alimwambia, akisoma juu ya bega lake. "Tena fotokopi ya wino kidogo!"

Ukumbi mzima ulicheka, na kufikia jioni kisa hicho kilikuwa kimefika hadi kwa mama yake Chadrack. Prof Liévin hakucheka, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumpa Chadrack alama zote.

Inafaa kumweleza Liévin kwa utaratibu, maana bila yeye jina lile lisingekuwapo. Alivaa koti la suti hata Oktoba, mwezi ambao kila mtu Lubumbashi hutafuta kivuli. Mlangoni pa ukumbi alitundika bango lenye picha za waliofaulu, na miongoni mwao walikuwamo wapwa zake ambao hawakuwahi kukanyaga chuo chochote. Mbinu yake, ambayo yeye aliiita sayansi, ilitoshea katika sentensi moja: usisome kifungu, soma swali, tafuta neno la swali ndani ya kifungu, kisha nakili mstari uliolibeba. "Kusoma kunakula wakati," alizoea kusema. Mtu anayewaambia vijana maneno hayo, akalipwa kwa kuyasema, hastahili kuitwa mwalimu. Ningemwita mchuuzi, lakini wachuuzi wa Katuba huonyesha bidhaa zao na humwacha mnunuzi azishike.

Chadrack naye hakuwa bila lawama. Alikuwa na akili nzuri, na aliitumia kukwepa kazi. Mara mbili alifanya mtihani wa kuingia taasisi ya uuguzi. Mara mbili hisabati na biolojia zilimbeba, na maswali ya ufahamu yakamwangusha. Wala hakuutaka uuguzi kwa ajili ya vazi jeupe. Tangu akiwa mdogo, wabeba mizigo wa mama yake walipojikata au kuchubuka, yeye ndiye aliyewasafisha vidonda na kuwafunga, na hakuna kidonda alichokifunga kilichooza.

Mama huyo, Kavugho, aliyetoka Butembo zamani na sasa alikuwa na depo ya maharagwe, hakuwa na subira na mtihani wa tatu. Alimwambia mbele ya wateja:

"Ukianguka tena, unaenda Mokambo, kule mpakani, kwa mujomba wako Edmond. Kule hakuna maswali. Kule kuko tu kubeba."

Juma la mtihani, lori lililoleta maharagwe kutoka upande wa Kalemie lilichelewa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza huko kaskazini, ingawa mjini vumbi lilikuwa bado likitimka. Kavugho alikuwa akimpimia mteja, hivyo alimwamuru mwanawe ampigie dereva simu.

"Shofa Kabwe, maharagwe iko namna gani?"

"Ah, petit, huku mvua iko mingi sana! Lakini turubai iko."

"Nauliza maharagwe."

"Turubai iko mupya kabisa, petit. Umwambie mama yako, patronne wangu, asiogope." Na simu ikakatwa.

"Amesema nini?" Kavugho aliuliza.

"Maharagwe imelowa."

"Njo amesema vile?"

"Hapana, Mama. Hakuitaja hata mara moja. Ninamuuliza maharagwe, yeye ananijibu turubai. Kama ingekuwa mikavu, angesema tu iko mikavu. Na juu ya nini anakuambia usiogope, na weye hujasema unaogopa?"

Kavugho aliweka kipimo chini. Akamtazama, kisha akacheka kicheko kisicho na utamu wowote.

"Kumbe unajua! Shofa anajificha kule mbali, kwa simu mbovu, na weye unamusikia mupaka ndani ya tumbo. Halafu kwa mtihani banakuuliza juu ya mzee, weye unabajibu turubai. Unafikiri bale banaosahihisha beko bajinga kuliko weye?"

Chadrack alikuwa amemdharau Kabwe kwa muda wote wa simu ile, na sasa dharau hiyo ilimrudia yeye mwenyewe. Alikwenda kuichukua ile karatasi ya Liévin, yenye alama zote, akaketi juu ya gunia, akakisoma kifungu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo. Alipomaliza alikigeuza kifudifudi gotini.

"Haya," mama yake alisema, akiendelea kupima. "Juu ya nini huyo mzee anakatala kuuza?"

"Juu bibi yake angali mule ndani."

"Si alikufa?"

"Alikufa. Lakini mzee anaikala chini, na kiti iko tupu pembeni yake. Anamuachia nafasi."

"Na nani alikuambia?"

"Kiti."

Kavugho alifunga mfuko wa mteja. Kisha akawatuma wabeba mizigo wafagie ua na kutandaza turubai kuukuu juani. Lori lilipofika, maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye magunia ya chini, na Kabwe alikuwa bado akilisifu turubai lake. Kwa kuwa mahali pa kuanikia palikuwa tayari, sehemu kubwa ya mzigo ilipona.

Chadrack aliingia katika mtihani, akasoma vifungu vyote kabla ya kugusa kalamu, na taasisi ikamkubali.

Habari zilipoenea, Liévin alifika depo akiwa na koti lake, simu mkononi. Chadrack alikuwa uani, anashona mdomo wa gunia la maharagwe yaliyokwisha kukauka.

"Félicitations, mwanafunzi wangu! Picha yako inaingia leo kwa bango. Sasa unipe neno moja la kubaandikia bale bengine: mbinu yangu ilikusaidia namna gani?"

Chadrack hakuinua kichwa.

"Prof, huku mvua iko mingi sana. Lakini turubai iko."

Ndani ya depo Kavugho aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake. Liévin alitazama angani, ambako hapakuwa na wingu hata moja, akalitazama na turubai lililotandazwa uani. Kisha aliinamia simu yake, akayanakili maneno hayo jinsi alivyoyasikia, bila kuacha hata moja.

Chadrack alipitisha sindano kwa mara ya mwisho, akafunga fundo, akaukata uzi kwa meno.