Barua ya utani niliyomwandikia mke wangu hapa Dzaleka

Wakuu, za mchana. Mi ni msomaji tu humu, sijawahi kufungua uzi. Leo naweka hili kama lilivyotokea, hata pale linaponiaibisha.

Mi ni fundi cherehani, mtu wa Fizi, Kongo. Niko kambi ya Dzaleka, Malawi, na mke wangu Mama Riziki. Riziki mwenyewe tulimwacha kwa bibi yake tulipokimbia, akiwa na miaka miwili.

Zamani nilikuwa na kibanda mtaa wa Area 36, mjini Lilongwe. Ilipotoka amri wakimbizi turudi kambini, nikafunga. Siku hizi natia viraka.

Kilichotushikilia ni kesi yetu ya kuhamishiwa nchi ya tatu, si Kongo wala Malawi. Ingepita, na Riziki angeletwa. Tumengoja miaka kumi na moja. Intavyuu ya mwisho tulifanyiwa ofisi moja kule City Centre, mke wangu amevaa kitenge nilichomshonea mwenyewe.

Ikaja barua: kesi imefungwa. Sababu hakuna.

Mama Riziki akanyamaza. Si kununa, wakuu, kununa nakujua. Alikuwa anapika, anafua, anaketi mlangoni, neno halimtoki.

Mi nikaona kichwa kinataka kupasuka. Nikachukua daftari, nikaandika kwa lugha ileile ya ofisi:

"Mpendwa Mama Riziki, ombi lako la chumvi limepokelewa na linashughulikiwa. Tafadhali usifike ofisini kuulizia."

Nikaiweka chini ya sahani yake ya nsima, ugali wa huku.

Aliisoma mara mbili. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani. Kesho yake nikakuta jibu: "Mume wangu, faili yako ya kuoga imepotea. Anza upya."

Wakuu, nililia.

Mwezi mzima na zaidi tuliishi kwa vikaratasi hivyo. Kuongea bado, ila alikuwa anaandika. Mi nikiwa nashona nawaza utani wa kesho, naona kifua kimekuwa chepesi.

Hapo njo nikakosea.

Nilitaka utani mkubwa. Nikaenda kwa rafiki yangu mwenye kompyuta na printa, tukachapa barua safi. Mstari wa kwanza: "Tunafurahi kukujulisha kwamba familia yako imekubaliwa kuhamia nchi ya tatu." Chini kabisa: "Nchi hiyo ni nyumba ya tatu kushoto, kwa Baba Neema. Vyombo mtabeba wenyewe."

Nikaiacha kitandani, nikaenda kupeleka suruali ya mteja.

Narudi, nasikia vigelegele toka mbali. Mlango wetu umejaa bamama. Mke wangu yuko katikati, barua ameikumbatia, anaongea. Anaongea, wakuu, sauti ile niliyokuwa nimeisahau. Alishampa jirani yetu Mama Neema sufuria zake mbili.

Hakuwa amesoma hadi chini.

Mama Neema akaichukua aisome kwa sauti, bantu wote basikie. Alipofika kwenye jina la mume wake sauti ikamkatika. Hakuna aliyecheka. Bamama wakaondoka mmoja mmoja. Mama Neema akaziweka sufuria chini polepole, naye akaenda.

"Baba Riziki, we njo uliandika hii?"

"Mi njo. Nilitaka ucheke."

"Nilishamwambia Riziki kwa simu."

Ilibidi nimpigie mwenyewe. Sasa ana miaka kumi na mitatu. Nilimwambia si kweli, ulikuwa mchezo wa baba. Akauliza kama mama yake amekula.

Imepita miezi minne. Nimeomba msamaha kwa mdomo, kwa maandishi, na mbele ya mchungaji. Anasema amesamehe. Lakini hajaandika tena. Vikaratasi ninavyomwekea anavisoma, anavikunja, anawashia mkaa.

Somo langu ni hili. Kuandika kunapunguza stress, sipingi, hata uzi huu umenipunguzia kidogo. Utani pia. Cheka na njaa, cheka na ofisi. Ila kile mwenzio anachokingoja kwa roho yake yote, usikiguse, hata kama na wewe unakingoja.

Mi bado naandika kila siku. Sijui tena namwandikia nani.

Kama kuna aliyewahi kumvunja mtu wake kwa mzaha na akampata tena, aniambie alianzia wapi. Wa kunilaumu pia karibuni, nitasoma yote.