Pafyumu ya Kumtoa Mama Eda

Chupa yenyewe ilikuwa ndogo, ya kijani hafifu, na niliipata kwa kubishana na mwenye duka pale Kibiti. Yeye alinisukumia zile tamutamu, za vanila, akidai ndizo wanazozipenda watu wazima. Nikamwambia mama yangu si keki. Nilitaka ile inayonukia embe changa likikatwa na jani la mlimau likifikichwa kiganjani. Ukingoja kidogo ndiyo maua yanakuja, asumini kwa mbali. Ukakasi wake ulinijaza mate mdomoni, na hapo sikutaka kunusa nyingine.

Mama alikuwa anatoka eda. Tangu baba afariki alikaa ndani na nguo nyeupe, bila wanja, bila hina, bila tone la manukato. Na huyu ni mwanamke ambaye hata akienda kuchota maji alikuwa lazima ajipake kitu nyuma ya masikio. Nilimwona akisinyaa. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba atauzoea ule weupe, eda iishe na yeye abaki humo humo. Nilimtaka mama yangu arudi.

Asubuhi ile wanawake wa mtaani walimwogesha, tukamvalisha khanga mpya. Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Utete na chetezo chake na udi wake, maana kwetu wifi ndiye anayesimamia shughuli hiyo, na shangazi hajawahi kusimamia kitu kwa upole. Chumba kikajaa moshi. Mama akakohoa. Udi umemkohoza miaka yote; aliuvumilia kwa sababu baba aliupenda.

Nikatoa chupa kwenye mkoba, nikampulizia begani.

Shangazi akainua pua. "Nini hiyo?"

"Pafyumu, shangazi."

"Harufu ya wasichana wa chuo hiyo." Akaniacha, akamgeukia mama. "Wifi, udi ndiyo heshima. Ukipita njiani unanukia hivyo watu watasema mke wa kaka yangu hata eda haijapoa, keshaanza kutafuta."

Hasira zangu haziko mbali. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, mama akanishika mkono. Akainamisha kichwa, akanusa bega lake taratibu, macho amefumba. Hapo niliogopa kweli. Angeniambia nifute, ningefuta, na nilijua asingetaka tena kitu chochote cha kumpendeza.

"Embe za kuiba hizi," akasema. "Tulikuwa tunazila na chumvi tuliyoifunga kwenye pindo la khanga."

Kisha akamtazama shangazi, akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba apitishiwe sahani.

"Wifi, ningetangulia mimi, kaka yako asingekaa eda. Kesho yake angejipaka miski yake, akaenda zake msikitini, na hakuna ambaye angeinua pua."

Wanawake wote wakaanza kuutazama mkeka. Shangazi alimpenda kaka yake kupita kiasi, na tangu msiba hakuna aliyethubutu kumtaja marehemu mbele yake ila kwa sifa. Akakiweka chetezo chini. Mabega yakaanza kumtetemeka. Nikajua analia, na kwamba shughuli imeshaharibika.

"Kesho yake ipi, wifi?" akasema, akijifuta macho kwa mtandio. "Jioni ile ile. Kaka yangu namjua mimi."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na shangazi akaja kumshika yeye, wakawa wanamcheka mtu wao na kumlilia kwa pamoja. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu msiba, na nilifurahi mpaka nikaona haya mbele ya wageni.

Walipotulia, mama alirekebisha khanga yake, akanigeuzia bega la pili.

"Na huku," akasema.