Mpya kwa Mara ya Arobaini na Nne

Kila baada ya miezi mitatu, Mkasi alifukuzwa kazi Ijumaa na kuajiriwa tena Jumatatu. Kiwanda kizima cha nguo kiliuzoea upuuzi huo, wakauita Ijumaa ya kufa. Jumatatu unafufuka, unapanga foleni getini, unajaza fomu upya, na penye "uzoefu" unaandika "hakuna". Mwanamke aliyekata vitambaa vya mashati miaka kumi na moja, anaandika hakuna! Ukibisha, baki nje na uzoefu wako.

Ndiyo maana muswada wa sheria ya kazi ulipotangazwa, alijitosa mzima mzima. Kifungu kimoja kilisema mtu akitimiza miezi sita kazini, hata ikiwa imekatwakatwa, ni mwajiriwa wa kudumu. Mdogo wake, mshona vifungo wa meza ya tatu, alikuwa na mimba changa, akiifunga kwa kitambaa msimamizi asiione. Kibarua hana likizo ya uzazi. Tumbo likionekana, Jumatatu jina lako halimo.

Mkasi alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani. Alizunguka meza kwa meza akakusanya sahihi mia tatu na kumi na mbili. Katibu wa chama, bwana mmoja wa tai nyekundu na vicheko vingi, alizipeleka bungeni pamoja na tishio la mgomo wa nchi nzima, tena mwaka wa uchaguzi. Serikali ilitetemeka kweli. Hilo ndilo lililokuja kumchefua Mkasi kuliko yote: nguvu walikuwa nayo.

Sheria ikapita. Katibu akaja saa ya chakula, akapanda juu ya meza ya kukatia na viatu vyake, akakanyaga kitambaa cheupe.

"Tumeshinda, ndugu zangu!"

Wakapiga vigelegele. Watu wazima, wamevishwa kilemba cha ukoka na wanashangilia! Mkasi alichukua nakala akaisoma palepale. Kifungu kilikuwepo, ila sasa wa kudumu walikuwa wawakilishi wa chama peke yao.

Alimfuata katibu hadi kwenye gari.

"Na wengine je?"

"Dada yangu, siasa ni kupeana. Wametupa hiki, tumewaachia kile. Taratibu tutafika."

"Na wewe wamekupa nini?"

Alicheka tu, akapandisha kioo. Jibu lilikuja redioni keshokutwa yake: naibu waziri wa kazi. Sahihi zote zile zimemnunulia mtu kiti! Mkasi akaizima redio.

Ijumaa ya kufa ilipofika, msimamizi aliwatoa wote, akamwita yeye peke yake ofisini na kumsogezea mkataba wa kudumu. Likizo, matibabu, pensheni. Aliutazama kama nzi kwenye chai. Alikuwa ameapa kuuchana. Kisha akafikiria kodi ya chumba, na mtoto anayekuja kwa mdogo wake. Akasaini. Hakusita hata kidogo, na hilo nalo likamtia kinyaa.

Jumatatu aliingia getini bila kupanga foleni. Wenzake walimtazama, mmoja akamsonya. Majina yakasomwa yakaisha, la mdogo wake halimo. Alikuwa amesimama pembeni, kitambaa amekifungua, tumbo waziwazi. Alipomwona dada yake upande wa ndani wa geti, akatabasamu.

"Hongera, dada," akasema, na ilitoka moyoni.